Barua ya Wazi kwa Jeshi la Majini la Marekani Kuhusu Ngazi

Kwa Wizara ya Jeshi la Majini la Marekani,
Pentagon.

YAH: PONGEZI KWA ULINZI WA GATI LA MAKOMBORA LA BANGOR, PAMOJA NA MAOMBI MACHACHE

Kwa heshima inayoistahili taasisi yenye silaha nyingi kiasi hicho, barua hii inaletwa mbele ya Wizara ili kuipongeza kwa ulinzi unaotolewa Bangor, katika mkono wa bahari uitwao Hood Canal, jimboni Washington, ambako makombora ya Trident hupakiwa katika nyambizi. Kwa raia asiyeifahamu kazi hiyo, inafaa ielezwe kwamba nyambizi, yaani meli isafiriyo chini ya maji, ikiwa ni ya daraja la Ohio huwa na safu za matundu yaliyosimama wima, na kila tundu hupokea kombora moja lenye urefu wa zaidi ya mita 13 na uzito unaokaribia tani 60, linaloteremshwa kwa winchi ndani ya gati lililoezekwa. Kwenye ncha ya kombora hukaa vichwa vya nyuklia, ambavyo ndivyo mabomu yenyewe, na kimoja tu cha aina ya W76-1 hukadiriwa kuwa na nguvu ya takriban mara sita ya bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945.

Mzigo wa namna hiyo hauachiwi mgambo mwenye rungu. Nchi kavu unalindwa na askari wa Marine, majini unasindikizwa na boti zenye silaha za Walinzi wa Pwani, na kwenye uzio yametundikwa mabango yanayomjulisha mpita njia kwamba matumizi ya nguvu ya kuua yameruhusiwa. Mwaka 2010 ulinzi huo uliongezewa pomboo na simba-bahari waliofunzwa San Diego: pomboo humtambua mwogeleaji gizani kwa mwangwi wa sauti anayoitoa pomboo mwenyewe, naye simba-bahari hubeba mdomoni pingu yenye kamba na kumfunga nayo mguuni, ili binadamu walioko kwenye boti wamvute kama changu aliyenasa kwenye mshipi. Ni nadra katika historia ya vita kwa mnyama asiyekuwa na ugomvi na mtu yeyote kukabidhiwa dhamana kubwa kiasi hicho bila hata kuulizwa.

Pamoja na hayo, kumbukumbu zinaonyesha kwamba adui amewahi kupenya. Tarehe 2 Novemba 2009, kabla ya mapambazuko, wapinzani watano wa silaha za nyuklia, wakiwemo mapadri wawili na mtawa mmoja, na wawili kati yao wakiwa wamevuka miaka 80, walikata nyaya za uzio wa Bangor, wakayapita mabango yaliyotajwa, wakatembea kwa saa kadhaa hadi karibu na maghala ya silaha, huku wakimwaga damu na kutawanya mbegu za alizeti. Walikamatwa, wakalazwa kifudifudi, na baadaye mahakama ya Tacoma ikawatia hatiani. Kwa kuwa ukaguzi huo wa uzio ulifanywa bila kuigharimu Hazina hata dola moja, Wizara inaombwa ifikirie kama wazee hao hawakustahili posho ya ukaguzi badala ya kifungo.

Hata hivyo, hoja kuu ya barua hii ni ngazi. Kwa mujibu wa habari zilizochapishwa mwaka 2004, mnamo Novemba 2003 mafundi wa Bangor, wenye vibali vyote na vitambulisho vyote, waliingiza ngazi ndani ya tundu la nyambizi, wakasahau kuitoa, kisha wakaanza kulivuta kombora juu kwa winchi, hadi ngazi ikalitoboa kombora hilo puani, karibu kabisa na vichwa vya nyuklia. Mkuu wa kituo cha makombora na wasaidizi wake waliondolewa madarakani mwezi uliofuata. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwahi kuiona winchi ya Bangor, lakini walijua upande ambao mlinzi anapaswa kuuelekezea macho.

Wala Wizara haiwezi kusema kwamba haikuonywa. Mwaka 1990 jopo la wanafizikia watatu likiongozwa na Sidney Drell lililieleza Bunge la Marekani kwamba katika kombora la Trident II vichwa vya nyuklia vimepangwa kuizunguka injini ya hatua ya tatu, ambayo ndiyo sehemu ya mwisho inayolisukuma kombora angani, na kwamba fueli yake ni ya aina inayoweza kulipuka na si kuungua tu, hali ambayo katika ajali inaweza kuitawanya plutoniamu, metali ya sumu iliyomo ndani ya bomu. Muundo haukubadilishwa, waliobadilishwa ni walinzi, waliozidi kuongezwa hadi kufikia pomboo, huku mji wa Seattle ukiendelea na shughuli zake umbali wa takriban kilomita 30 kutoka gatini.

Kwa kuwa risasi haijawahi kuzuia usahaulifu, Wizara inaombwa mambo mawili. Kwanza, kila ngazi inayoingia gatini iandikwe bango lile lile la uzioni, ili nayo ijue hatari inayojitafutia. Pili, miongoni mwa askari wote waliosimama wakiyatazama maji na msitu, ateuliwe mmoja tu wa kugeuka na kulitazama kombora, asiyehitaji bunduki wala pomboo, bali daftari la kuandikia anachokiona; na daftari hilo lisomwe Seattle kabla ya kusomwa Pentagon.

Maombi yanawasilishwa.