Sifa kwa Kompyuta Iliyogoma

Wapo wanaomsifu ng'ombe, wapo wanaolisifu ziwa, na sangara amesifiwa hadi akasafirishwa Ulaya. Mimi naisifu kompyuta iliyogoma kuwaka kwenye steshenari moja hapa Kisesa, kando ya barabara ya Musoma, asubuhi ambayo watu tisa tulikuwa na barua za kuchapisha.

Kompyuta nzima haina utu. Unachapiwa, unalipa, unaondoka bila kumjua uliyesimama naye bega kwa bega. Hii ilipiga mlio mmoja, ikaonyesha nembo, kiduara kikazunguka weee, kisha kioo kikawa cheusi. Papo hapo tukaanza kusalimiana. Mwangaluka huku, habari za mvua kule. Mzee wa pembeni yangu akaanza kunisimulia posa ya binti yake.

Kila Juni, kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Kwa sheria hiyo mashine yetu ilishinda bila ngoma wala nyoka wa kuchezea. Hata waliokuwa wakipita tu waliingia, kila mmoja na dawa yake. Mwalimu mstaafu alitaka tuchomoe flashi, maana mashine huikimbilia flashi iliyosahauliwa ikidhani ndiyo yenye mfumo. Bodaboda mmoja akasema ing'olewe rami, yale meno yake ya dhahabu yasuguliwe kwa kifutio cha penseli. Mama muuza dagaa alilaumu vumbi. Mtoto wa mwenye duka alimuunga mkono kwa bidii; ni vumbi, mama, vumbi tupu. Wote walikuwa na hoja, na wote walikosea.

Utukufu wake kamili, hata hivyo, ni sefu modi, ile hali ya kuwaka kidharura. Enzi za Windows 95 ulibonyeza F8 ukaingia. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mashine ziliwaka upesi kiasi kwamba kidole hakikuwahi, na njia hiyo ikafungwa. Siku hizi mashine ikikatishwa mara kadhaa mfululizo wakati inawaka, yenyewe hukufungulia chumba cha matengenezo. Kwingine watu huizima kwa makusudi, wakibana kitufe. Sisi umeme ulitukatikia mara tatu, bure. Fundi wa duka akachagua sefu modi kwenye orodha, akabonyeza 4.

Ikawaka. Maandishi makubwa kama ya darasa la kwanza, haina sauti, haina intaneti, printa haiitambui, na katika pembe zote nne za kioo imeandika hali yake. Nionyesheni kiongozi anayetangaza udhaifu wake kwenye pembe nne! Kama mzee aliyetoka harusini akavua suti, imebaki na vya lazima tu: kioo, kibodi, kipanya, diski. Na kwa kuwa imevuliwa, mgeni huonekana. Mgeni alikuwa draiva mpya ya picha, iliyowekwa usiku uliotangulia ili gemu la mpira lisikwamekwame. Tukamtafuta yule mtetezi wa vumbi. Alikuwa ameshatoka.

Draiva ikaondolewa, mashine ikazimwa, ikawashwa. Nembo, kiduara, picha ya ukutani, printa ikakohoa. Watu wakanyamaza, kila mtu akashika nafasi yake kwenye foleni. Mzee akaitwa wa kwanza, akachukua karatasi zake akaondoka, na mpaka leo sijui walikubaliana ng'ombe wangapi.