Inyang'anye Kamera Madaraka: Mwongozo kwa Mpigapicha Mpya wa Bukavu

Tazama gurudumu lililo juu ya kamera yako. Pana kisanduku cha kijani au neno la otomatiki: hiyo ndiyo serikali iliyokuwa ikikuamulia kila kitu tangu siku uliyoinunua. Kando yake pana herufi M. Geuza hapo. Picha utakayopiga sasa hivi huenda ikatoka nyeusi tii au nyeupe pe. Hongera! Ni picha ya kwanza uliyoiamua mwenyewe, na mwongozo huu una kazi moja tu, kuifanya ya pili iwe bora.

Sababu ya kuipindua serikali hiyo ni kipima mwanga. Kila kamera yenye otomatiki inacho, na hakijui kinatazama nini. Kina imani moja: kwamba dunia yote, ukiichanganya, ni ya kijivu cha wastani. Kikiona cheusi hukipandisha kiwe kijivu, kikiona cheupe hukishusha kiwe kijivu. Sasa msimamishe mama yako ufukweni Muhumba saa nane mchana. Maji ya Ziwa Kivu yanametameta nyuma yake, kamera inaingiwa na woga, inapunguza mwanga, na mama anabaki kivuli kilichovaa kitenge. Msogelee hadi uso wake ujaze fremu, kamera inabadili mawazo: imeona weusi, inaongeza mwanga, na mama anatoka amepauka. Kamera za siku hizi hutambua nyuso na hukosea kidogo zaidi, lakini zinakisia tu. Wewe hukisii. Unajua uso wa mama yako ulivyo.

Jambo hili lina historia, na linaniuma. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, fundi aliridhika. Ngozi zetu hazikuwemo kwenye kadi. Fungua albamu ya nyumbani ya miaka ya 1970 uone ni nyuso ngapi zimemezwa na giza, yamebaki meno na macho. Filamu zimekwenda zao. Mazoea ya kuiachia mashine iamue sura zetu hayajaenda popote.

Basi namba. Ziko tatu, na anayekuambia ni hisabati ya chuo kikuu ana semina ya kukuuzia. Ya kwanza ni tundu la lenzi, linaloandikwa kwa f: namba ndogo kama f/1.8 ni tundu kubwa, na namba kubwa kama f/16 ni tundu dogo. Ndiyo, iko kinyume, zoea tu. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi na kuufifisha ukuta ulio nyuma ya mtu. Tundu dogo huonyesha kila kitu, kuanzia jiwe la mbele hadi mlima wa nyuma. Ya pili ni kasi ya shata: 1/500 ya sekunde humgandisha motari akiruka shimo, 1/30 humgeuza mstari. Ya tatu ni ISO, yaani jinsi kamera inavyoukuza mwanga uliopatikana, na ukiipandisha sana picha inaota punje. Ukibana moja kwa hatua moja, yaani mwanga upungue nusu, fungua nyingine kwa hatua moja, mwanga unabaki uleule. Nadharia imekwisha, tutoke nje.

Anza mchana wa jua, ambapo huhitaji hata kukisikiliza kipima mwanga. Weka ISO 100, kasi 1/125, tundu f/16, na kila kinachopigwa na jua kitatoka sawa. Wapigapicha wa filamu waliishi kwa kanuni hiyo kabla ya kamera kupata akili. Wingu jembamba likipita, fungua hadi f/11. Likiwa zito, f/8 au f/5.6; kwenye kivuli cha nyumba, f/4. Bukavu wakati wa mvua utapitia hali zote hizo kabla hujafika Nyawera, kwa hiyo jiji lenyewe ni mwalimu. Na mvua usiikimbie. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, vumbi na moshi hujaa hewani na vilima vya Rwanda vinafutika. Toka mvua inapokatika, Oktoba au Novemba, uone vilima hivyo vilivyooshwa. Asubuhi jua linatoka upande huo wa Rwanda. Jioni linazama nyuma ya milima ya Kahuzi, na mwanga wa mwisho unaipaka dhahabu ng'ambo ya ziwa. Uwahi: huku karibu na ikweta, jua likishatua unabakiwa na dakika 20 hivi.

Kwa nyuso tumia kiganja chako. Ngozi iwe nyeupe au nyeusi, viganja vya watu havitofautiani sana. Kinyooshe kwenye mwanga uleule unaompiga mtu wako, pima hapo tu, kisha ongeza mwanga kwa hatua moja. Piga. Sasa ziwa ling'ae litakavyo na ukuta uwe mweusi utakavyo, uso hautabadilika. Zoezi hili moja linazidi lenzi yoyote utakayoiota usiku.

Ukilimudu, nenda soko la Kadutu. Humo utapimwa kweli. Njia ni nyembamba, juu mabati na bashi, jua linapenya kwa vipande, na mama anayeuza sambaza ameketi nusu kwenye moto wa jua, nusu gizani. Otomatiki inazirai hapa. Wewe pandisha ISO hadi 1600, fungua f/2.8 au kadiri lenzi yako inavyoweza, kasi isishuke chini ya 1/125 kwa sababu mikono ya wauzaji haitulii. Amua upande mmoja: pima uso, achia jua liungue. Bashi ya buluu itampaka kila mtu ubuluu. Rekebisha mizani ya rangi hapohapo, au hifadhi faili ghafi uirekebishe nyumbani.

Ila kabla ya namba zote hizo kuna salamu. "Jambo, Mama. Naomba nikupige foto." Naye atakuuliza swali ambalo kila mpigapicha wa Kongo anapaswa kuwa na jibu lake: "Foto ya kupeleka wapi, mtoto wangu?" Usicheke, usipapase lenzi. Anauliza kwa haki. Picha za nchi hii zimepelekwa mbali tangu zamani. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala, ameketi mbele ya mkono na mguu vilivyokatwa vya binti yake mdogo, na picha kama hizo zilisaidia kuzima utawala binafsi wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1908. Hiyo ilikuwa safari yenye sababu. Zilizofuata nyingi zimekwenda kuonyesha vita yetu tu, kana kwamba hapa hakuna anayefua, anayeoa wala anayechelewa misa. Jibu lako liwe tayari: "Ya kukuletea wewe, Mama." Akikataa, sema aksanti, shusha kamera, nunua sambaza.

Na kuna ambavyo hutapiga kabisa. Askari wa jeshi lolote, mpaka wa Ruzizi, ofisi za wakubwa: huko kamera inaweza kukupeleka mahabusu. Wanawake wanaotibiwa hospitali ya Panzi si zoezi la mwanafunzi. Kutoielekeza lenzi nako ni uamuzi, na hakuna gurudumu litakalokufanyia.

Harusi ya Jumamosi ni mtihani wa mwisho wa mwaka: gauni jeupe, suti nyeusi, mlango wa kanisa nyuma ya maharusi. Mashine ikiona gauni inawatia giza wote. Ikiona suti inaliunguza gauni. Pima nyuso kwa kiganja, tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, uone kama gauni limepoteza nyuzi zake, punguza kidogo ikibidi, kisha usiguse tena namba hadi mwanga ubadilike. Wenzako watakuwa wamemzunguka bibi harusi wakimpiga fulashi za macho mpaka anatoa machozi yasiyo ya furaha. Waache. Picha yako ndiyo itakayotundikwa sebuleni.

Usiku mwongozo unakuwa mtamu zaidi. Wavuvi wa sambaza wanaingia ziwani jioni na mitumbwi yao mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, na taa za kuwavuta samaki. Umeme ukikatika mjini, usilalamike: ziwa linabaki na taa zao pekee. Huna miguu mitatu ya kamera? Weka kamera juu ya mfuko wa maharage ukutani, ISO 400, f/4, shata wazi sekunde 15, na utumie kipima saa ili kidole kisiitikise. Mitumbwi ikisogea, taa zitachora mistari juu ya maji. Otomatiki haiwezi kukuletea picha hiyo, kwa sababu inaamini usiku ni kosa la kurekebishwa.

Sasa ile ahadi ya Kadutu. Chagua picha moja, ipeleke studio ichapwe kwenye karatasi, urudi sokoni uiweke mikononi mwa yule mama. Kama hujampelekea, usiende kumwomba nyingine.