Wanaolipia Kubanwa na Misuli

Ndugu zangu wa Tanga,

Nimeshika kalamu kwa sababu majira ya joto yameingia huku Bavaria, na pamoja nayo umeingia ule ugonjwa wao wa kila mwaka, ambao matibabu yake ni kujiandikisha mapema na kulipa mamia ya euro. Unaitwa triathloni. Katika mji mdogo wa Roth, kusini mwa Nuremberg, wanafunga kipande cha mfereji unaounganisha mito ya Main na Danube, meli za mizigo zinasubiri, na maelfu ya watu wenye kazi zao nzuri wanajitosa majini asubuhi na mapema ilhali hakuna chombo kilichozama. Wanaogelea kilomita 3.8. Wakitoka humo wanapanda baiskeli kilomita 180, yaani kama Tanga hadi Korogwe na kurudi. Wakishateremka hawaendi kulala. Wanakimbia kilomita 42.2, ambayo ni Muheza na kupitiliza. Ninyi mliozaliwa kati ya bahari na baiskeli hamtaona jipya hapo, isipokuwa moja: kwetu mtu akifanya hayo matatu kwa siku moja, ujue ama kuna msiba ama anadaiwa.

Tuwatendee haki Wajerumani, si wao waliobuni balaa hili. Lilianzia Hawaii mwaka 1978, baada ya ubishi wa nani ana pumzi zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Afisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, na mkewe Judy wakaamua mambo yote matatu yaunganishwe. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Ubishi wa namna hiyo mtaani kwetu Ngamiani unamalizwa kijiweni kwa kahawa na kashata, na hakuna anayelowa. Ila wenyeji wangu wameupokea mchezo kwa moyo wao wote kwa sababu una kanuni kama daftari la mahakama. Huruhusiwi kuigusa baiskeli yako, uliyoinunua kwa bei ya gari, kabla hujafunga kofia ngumu kidevuni. Katika mashindano ya masafa haya huruhusiwi kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukinge upepo. Kuna umbali wa mita zilizopimwa, na ukiukiuka unapelekwa kwenye hema la adhabu, ukae humo na jasho lako hadi muda uishe. Ukitupa ganda la chakula pasipotengwa, adhabu. Na kanuni mama ni kwamba usipokee msaada wa mtu wa nje. Februari 1982, huko huko Hawaii, Julie Moss alikuwa anaongoza miguu ilipomgomea hatua chache kabla ya utepe. Akawakwepa waliotaka kumwinua, kwa hofu ya kuondolewa mashindanoni, na akatambaa hadi mwisho. Kathleen McCartney alikuwa ameshampita. Hata kufungana kwa makusudi ni kosa: mwaka 2019 mjini Tokyo, Waingereza wawili waliomaliza wa kwanza na wa pili walivuka mstari wameshikana mikono, wakaondolewa wote. Fikirini kanuni ile ya kutosaidiwa ikiletwa kwetu, ambako mtu akijikwaa tu barabarani anazungukwa na watu kumi, mmoja anampepea kwa khanga, mwingine anamkanda, wa tatu anamuuliza ni wa ukoo gani. Mji mzima ungefutiwa matokeo. Naandika kwa utani, lakini mtu aliyeishi mahali ambapo hata kuanguka ni jambo la faragha anajua kwa nini khanga ile inakumbukwa.

Sasa niingie kwenye hoja yangu. Kinachowaangusha wengi wa watu hawa ni kubanwa na misuli: shavu la mguu linakaza kama jiwe, vidole vinajikunja, na mhandisi mwenye shahada mbili anakumbatia mti. Nasema kwamba jambo hili halitokani hasa na upungufu wa maji wala wa chumvi, kama wanavyoamini wao na kama mnavyoamini ninyi. Linatokana na kuulazimisha msuli uliochoka uende kasi kuliko ulivyozoea. Ushahidi mzuri umetoka Afrika, nanyi mna haki ya kujivunia. Martin Schwellnus na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliwafuatilia wanariadha 210 wa triathloni ndefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Waliobanwa walikuwa 43. Walipolinganishwa na wenzao, tofauti haikuwa kwenye maji waliyopoteza wala chumvi iliyobaki kwenye damu. Tofauti ilikuwa kwamba waliobanwa walikwenda kwa kasi zaidi ingawa maandalizi yao yalifanana na ya wengine, na kwamba wengi wao walikuwa na historia ya kubanwa. Maelezo yake yanaeleweka. Msuli una mishipa ya fahamu inayouamuru ukaze, na kwenye kano zake kuna vipokezi vinavyoutuliza. Uchovu ukizidi, sauti ya kukaza inapanda na ya kutuliza inafifia. Ndiyo maana muogeleaji hubanwa kwenye shavu la mguu: amenyoosha vidole kwa nyuma muda wote, msuli umefupika, na bado anautaka ufanye kazi.

Najua Mjomba atapinga. Atasema wapagazi wa bandarini walikunywa maji ya chumvi na wakapona. Hana kosa, na vitabu viko upande wake: miaka ya 1920 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, waliokuwa wakitoka jasho kutwa na kunywa maji matupu, walibanwa vibaya, na chumvi kidogo kwenye maji iliwasaidia. Siikatai chumvi kwa mtu wa namna ile. Lakini Mjomba anijibu hili: damu ni moja na inazunguka mwili mzima, kama chumvi imekwisha, imekwisha hadi sikioni. Mbona basi unabanwa mguu wa kulia peke yake, tena ule uliofanya kazi zaidi? Na mbona ukiunyoosha unaachia papo hapo, wakati kunyoosha mguu hakuongezi chumvi hata chembe? Tena dawa ya kunywa maji kwa wingi ina hatari yake, kwani wapo wanariadha waliokufa kwa kunywa kupita kiasi hadi chumvi ya damu ikazimuliwa.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, nalo ndilo litakalowafurahisha. Huku wanariadha wananunua maji ya achari. Simaanishi achari yenyewe. Namaanisha yale maji ya siki na chumvi yanayobaki matango yakishaliwa, yametiwa kwenye chupa ndogo yenye picha ya mtu anayekimbia, na bei yake itamfanya Shangazi aombe kukaa chini. Na kweli yanafanya kazi! Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Miller waliwapiga watu shoti ya umeme mguuni hadi msuli wa kidole gumba ukabanwa, kisha wakawanywesha. Waliopewa maji ya achari waliachiwa mapema kwa takribani asilimia 37 kuliko waliopewa maji matupu. Je, si chumvi hiyo? Hapana, maana nafuu ilikuja kabla ya kinywaji kupata muda wa kufika kwenye damu. Inaelekea ukali wenyewe unapogusa koo unaituliza mishipa ya fahamu, na hilo linaikaza hoja yangu badala ya kuilegeza. Rod MacKinnon, mshindi wa Nobeli ya Kemia ya mwaka 2003, alifuata njia hiyo hiyo, akatengeneza kinywaji cha tangawizi, mdalasini na pilipili, kikauzwa kwa wanamichezo, ingawa majaribio yake yametoa majibu yanayotofautiana. Tangawizi, mdalasini na pilipili, ndugu zangu! Kwetu huo si uvumbuzi, ni jiko.

Msianze kushangilia bado. Wala ninyi hamkujua. Mlikuwa mnakula tu. Na msidai kwamba wa nyumbani hawabanwi. Nendeni uwanja wa Mkwakwani dakika ya 85 muone mchezaji alivyolala. Mwenzake anakuja, anauinua mguu, anasukuma vidole kuelekea gotini, na mtu anaamka. Hiyo ndiyo tiba kamili iliyomo vitabuni, bila euro hata moja, ijapokuwa nakiri kwamba misuli ya kipa anayeongoza bao moja hubanwa kwa sababu ambazo sayansi haijazigusa. Mtaniuliza nami napata wapi ujasiri wa kuwafundisha watu wa chuma, wakati ngazi za ghorofa ya tatu zinanihemesha. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kasi yangu naijua, na sijawahi kuivuka.

Hukumu basi ni hii. Anayetaka kuogelea, kuendesha na kukimbia aende mwendo aliouzoea mazoezini. Akibanwa asimame, aunyooshe msuli taratibu, kisha aendelee polepole. Chupa zote zinakuja baada ya hapo. Na mtu wenu anayesafiri kuja huku mpeni chupa mbili za achari ya ndimu ya Shangazi, zifungwe kwenye mifuko miwili miwili. Akiulizwa uwanja wa ndege, aseme ni dawa ya misuli. Mimi nitailia wali.