Nipe Mji

Jumamosi moja ya masika nilipoteza Haydom, Mbulu, Dongobesh, Katesh na Babati, zote kabla ugali haujaiva.

Kisa chenyewe ni kopo la asali. Jirani yetu Mhadzabe alituletea asali na masega yake, sisi tukampa unga. Alipoulizwa kaipata wapi, akatusimulia habari za yule ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga. Ndege anajua nyuki waliko ila hawezi kufungua. Mtu anaweza kufungua ila hajui waliko. Basi mtu hupiga mluzi, ndege huitika, huku akiruka mti hadi mti. Mwisho wa safari mtu huchukua asali, ndege hubaki na nta.

Kopo likawekwa juu ya kabati. Mimi nami usiku usingizi ukawa hauniji.

Jumamosi hiyo mbuga ilikuwa imejaa maji, barabara haipitiki, na redio imekwisha betri. Tulikuwa jikoni tumezunguka mafiga: mimi, bibi (mama yangu mzazi), mama watoto na binti yetu wa darasa la nne. Mama watoto akasema, "Leo tulishushe lile kopo, watu watie kwenye uji."

Nikadakia, "Ngoja kwanza! Tulishindanie. Atakayeniuliza swali likanishinda, kopo ni lake." Nilikuwa na sababu ya kutaka lile kopo likae lilipo.

Bibi akaanza. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai."

Mama watoto naye akatega: "Kila niendako ananifuata."

"Kivuli."

"Umepata," akasema, huku akiukoroga ugali bila kunitazama. "Ila usiku wa manane hakuna kivuli. Anayekwenda kabatini saa hizo hufuatwa na sisimizi."

Nikageuka. Sisimizi walikuwa wameshuka kutoka juu ya kabati, mstari mmoja umenyooka, hadi mlango wa chumbani. Nikasogeza kiti kuuziba mstari huo.

Binti akainua kidole kama yuko darasani. "Baba, jibu ndiyo au hapana tu, na usiseme uongo. Swali langu hili hapa: utanijibu 'hapana'?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikisema ndiyo, nitakuwa nimejibu ndiyo, si hapana: uongo. Nikisema hapana, nimejibu hapana, na papo hapo nimekana kwamba nimejibu hivyo: uongo tena. Huyu mtoto shuleni anachanganyika na Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, na mtego huu sijui kautoa katika lugha gani.

Nikajaribu kukimbilia elimu. Nikawaeleza kwamba swali hili lina ukoo mrefu. Kwamba zamani Epimenides, mtu wa Krete, alisema Wakrete wote ni waongo, na wasomi wanaumiza vichwa hadi leo kama alisema kweli.

"Huyo Mkrete alikuwa na kopo?" bibi akauliza. "Kama hakuwa nalo, mjibu mtoto."

"Nimeshindwa," nikasema. "Nakupa mji. Chukua Haydom."

"Nimechukua. Na kopo?"

"Nakuongezea Mbulu." Akachukua. Nikatoa Dongobesh. Nikatoa Katesh. Nikatoa Babati, makao makuu ya mkoa mzima, na stendi yake na soko lake. Alipokea yote, na mkono wake bado umenyooka kuelekea kabatini.

Bibi akaamua kesi: "Mji ni wa kitendawili. Kopo ni la ahadi. Lishushe."

Nikalishusha. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyokumbuka. Binti akafungua kifuniko, akachungulia, akaingiza kidole, akatoa kipande cha sega kikavu, kimefyonzwa hadi kimekuwa cheupe.

"Baba, hii ni nta. Kwani mimi ndege?"

Jikoni kukawa kimya; ni ugali tu uliokuwa ukitokota. Kisha mama watoto akaweka mwiko chini, akasema kwa sauti ya upole, ile ya mtu mwenye jibu mkononi:

"Kitendawili."

"Tega," nikaitika.

"Nani kala asali?"

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani, baba nanihii? Yote umeshampa mtoto."