Barua ya Wazi kwa Sheria ya Uraia, Sura ya 357

Mbagala Rangi Tatu,
Temeke, Dar es Salaam.

Kwa Sheria ya Uraia wa Tanzania, Sura ya 357,
Kupitia kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

YAH: MJUKUU WANGU KUTIMIZA MIAKA 18

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesumbuka sana na salamu. Wewe umetungwa mwaka 1995, na mwaka huo mimi nilikuwa tayari na mke, watoto watatu na deni dukani kwa Mangi. Kwa desturi za huku Mbagala, wewe ndiye wa kuniamkia. Lakini dola haina rika, kwa hiyo shikamoo.

Nakuandikia kukutaarifu kwamba mjukuu wangu anakaribia utu uzima. Mama yake ni mwanangu wa pili, mzaliwa wa Temeke, aliyekwenda Houston kusoma, akabaki huko kwa vibarua vya kubeba boksi, akaolewa na kijana wa Tanga waliyekutana hukohuko. Wote wawili bado ni Watanzania, wana grini kadi zao na pasipoti zetu. Mtoto alipozaliwa, kifungu chako cha 6 kilimpokea vizuri tu: Mtanzania wa kurithi, tangu siku ya kwanza. Kwa hilo ahsante. Balaa ni kwamba na Wamarekani nao walimpokea. Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, ya mwaka 1868, hayamuulizi mtoto anayezaliwa kwao kama anataka. Mtoto hakujaza fomu, hakula kiapo, hakuimba wimbo wa taifa wa mtu yeyote. Alikuwa ananyonya.

Sasa kifungu chako cha 7 kinasema akifikisha miaka 18 akiwa na uraia wa nchi mbili, wa kwetu unakoma, isipokuwa awe ameukana ule mwingine na kula kiapo cha utii. Nina swali dogo la kiutendaji: unakoma kwa saa ya wapi? Mbagala ikifika saa sita usiku, Houston wakati wa baridi ni saa tisa alasiri, mtoto yuko shuleni. Kwa saa kadhaa nitakuwa na mjukuu ambaye kwa kalenda ya Temeke ni mgeni, na kwa kalenda ya Texas ni mwananchi mwenzangu. Nimpigie simu ya pongezi kama babu yake, au kama raia wa nchi rafiki?

Utasema aukane huo wa Marekani, yaishe. Tumelifikiria. Kwa kawaida Wamarekani hawapokei mtu kuukana uraia wao akiwa ndani ya nchi yao. Shurti atoke, afike mwenyewe mbele ya ofisa wa ubalozi. Basi mtoto atapanda ndege hadi Dar es Salaam, ashike njia ya Msasani, Kinondoni, uliko ubalozi wao, na mfukoni awe na ada yao, ile ambayo mwaka 2014 waliwahi kuipandisha kutoka dola 450 hadi dola 2,350. Akienda kabla ya miaka 18, maofisa wao watamtazama kwa wasiwasi wakihofia wazazi ndio wanaomsukuma. Akingoja atimize 18 ili aaminike, wewe umeshamfuta. Tuseme amepenya. Avuke jiji, aje huku kwetu Temeke, Kurasini kwa Uhamiaji, kufuatilia kiapo. Kisha akitaka kurudi Houston amalizie shule, ataomba viza ya kwenda kwenye chumba anacholala.

Na akiuacha wa kwetu, atakuja kunizika kwa dola 100. Hiyo ndiyo viza tunayomtoza Mmarekani, wakati wageni wengine wengi hulipa 50. Naomba kufahamishwa kama risiti inaweza kuandikwa jina la marehemu.

Najua unachohofia. Nimekisikia miaka nenda miaka rudi: usalama wa taifa, uzalendo, mtu mmoja hawezi kutumikia mabwana wawili. Nimemchunguza mjukuu wangu kwa jicho hilo kila anapokuja likizo. Siri alizokusanya mpaka sasa ni hizi: bei ya mishkaki ya Rangi Tatu, jina la utani la mwenyekiti wetu wa mtaa, na ratiba ya maji ya bomba, ambayo ni siri hata kwetu sisi. Kama Washington inazihitaji, nitamwambia azitoe bure.

Usidhani nakuona mchoyo, maana si kweli. Chini yako, Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia kwetu mwaka 1972, wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipata uraia wa tajnisi. Ni nchi chache duniani zilizothubutu kufanya hivyo, na mimi hujivunia jambo hilo mbele ya yeyote. Januari 2025 ukatoa tena, safari hii kwa wachezaji watatu wa Singida Black Stars waliotoka Ghana, Ivory Coast na Guinea. Vijiwe vya kahawa vya Mbagala vilichemka kwa wiki nzima. Mimi nilisema waacheni wacheze. Kweli, anayeomba tajnisi naye hutakiwa kuuacha uraia wake wa zamani. Lakini huyo ni mtu mzima, ameomba mwenyewe kwa akili zake timamu. Mjukuu wangu hakuomba kitu kwa mtu. Mtoto wa jirani unajua kumkaribisha. Wa kwako aliyezaliwa mbali ndiye unayemwekea saa ya kengele.

Majirani zetu walishalimaliza suala hili la uraia wa nchi mbili: Rwanda mwaka 2003, Uganda 2009, Kenya 2010. Kenya hata hofu yako waliifikiria. Ibara ya 78 ya Katiba yao inamkataza ofisa wa dola na mwanajeshi kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwenye pasipoti mbili na afanye biashara, acheze mpira, arithi nyumba ya babu yake. Madaraka ya dola na kambi za jeshi ayaache. Sijasikia kwamba Kenya imetekwa.

Hapa nyumbani, marehemu Bernard Membe alilisemea jambo hili akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ikaja na hadhi maalumu ya mwenye asili ya Tanzania badala ya uraia pacha, na sasa hadhi hiyo imeletwa kwa kugusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi. Nafuu ipo, siikatai, hasa kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilimzuia asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na nina nyumba Kijichi iliyojengwa kwa boksi za mama yake; nisingependa mtoto aje kuirithi kama mwekezaji. Ila hadhi maalumu ni kama kumkalisha mtoto wa marehemu kwenye viti vya wageni waalikwa msibani kwa baba yake. Soda anapewa ya baridi, lakini hapewi pole. Kura hana. Kusema "kwetu" mbele ya ofisa hawezi.

Na hata akiuchagua wa kwetu, akalipa, akaapa, bado kifungu cha 6 kinamngoja mbele ya safari: raia wa kurithi akizaa nje ya nchi, mtoto wake harithi kupitia kwake. Kitukuu changu kwako hayupo kabla hajatungwa mimba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kifungu cha 7 kimwache mtoto aliyeupata uraia mwingine kwa kuzaliwa tu, bila kuuomba. Na kama hofu ni vyeo, izuie vyeo, usizuie damu. Hakuna haja ya kungoja Katiba mpya, kwa sababu kanuni hizi hazimo kwenye Katiba. Zimo ndani yako wewe, sheria ya kawaida, na Bunge linaweza kukurekebisha katika kikao kimoja cha Dodoma kama linavyorekebisha sheria nyingine kila mwaka.

Mjukuu anatimiza miaka 18 mwezi Januari. Naomba nijibiwe kabla.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Babu wa Mbagala.