Muulize Anti Swichi: Taa yangu inaomba ruhusa ng'ambo

Shikamoo Anti. Nimefunga balbu janja nne sebuleni, zinawashwa kwa simu. Kila intaneti ikikata, nazo zinanuna. Juzi mama mkwe kakaa gizani nusu saa na sahani ya pilau mapajani, akaniuliza kama tumeishiwa luku. Nifanyeje?
Mume wa Mbezi

Marahaba, mwanangu. Kwanza sogeza lile kabati ulilolitumia kuficha swichi ya ukutani. Izime, uiwashe tena. Balbu nyingi za aina hiyo zikikatiwa umeme na kurudishiwa huwaka zenyewe, mama wa watu akamalizia pilau yake.

Sasa tatizo lenyewe. Ukibonyeza simu, amri haiendi moja kwa moja kwenye balbu iliyo mita mbili juu ya kichwa chako. Inapita kwenye ruta, inazama baharini, inafika kwenye seva ya kampuni iliyokuuzia. Seva inakagua wewe ni nani, halafu ndiyo ujumbe unarudi Mbezi: haya, waka. Ni sawa na kumtuma mtoto maji ya kunywa, naye apige simu kwanza Bukoba kumwomba babu ruhusa. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikazorota Dar na Nairobi, ndipo ukasikia kwamba babu hapatikani.

Siku ukienda tena dukani, uliza hivi: "Nikizima intaneti nikaacha Waifai tu, taa hii itanisikia?" Muuzaji akianza kukusifia rangi milioni kumi na sita, aga.

Anti, kampuni iliyoniuzia kisanduku cha kuongozea taa na kamera imeniandikia kuwa inafunga huduma mwezi ujao. Kisanduku kizima, hakina hata mkwaruzo. Na risiti ninayo! Kweli wanaweza?
Bi. Nyali

Wanaweza, shoga, na hawatakuwa wa kwanza. Kule Marekani kulikuwa na kisanduku kama chako, Revolv, kikiuzwa karibu dola 300. Mwaka 2014 kampuni ya Nest ikainunua ile iliyokitengeneza; Mei 2016 huduma ikazimwa, na kisanduku kikabaki cha kuegeshea mlango usijifunge. Insteon, kampuni nyingine ya vifaa kama hivyo, hawakuwa hata na adabu ya kuandika barua. Aprili 2022 seva zilinyamaza tu, wateja wakagundua wenyewe programu ilipogoma kwenye simu. Ila kisa hiki mwisho wake naupenda: miezi miwili baadaye, kikundi kidogo cha wateja haohao kikainunua kampuni na huduma ikarudi. Chama chetu sisi kilinunua masufuria ya kukodisha.

Risiti yako, mama, ni ya plastiki na waya. Akili ya kisanduku uliazimwa tu, na mwenyewe amekuja kuichukua.

Usidhani nakucheka. Mwaka jana nilikaa ndani ya bajaji nje ya geti langu mwenyewe, mvua inamwagika, mkungu wa ndizi magotini, kwa sababu geti lilitaka kwanza nikubali masharti mapya ya matumizi. Nilikubali bila kusoma hata mstari. Dereva alinidai shilingi elfu mbili za kungoja.

Anti, fundi anasema ninunue vifaa vyenye alama ya Matter tu, eti shida zote zimekwisha. Ananidanganya?
Mwenye Shaka, Arusha

Hajakudanganya, kakuharakisha. Matter ni lugha moja waliyokubaliana Apple, Google, Amazon na wenzao wengi. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2022. Kifaa kinachoiongea hupokea amri humohumo ndani ya nyumba, wala hakijali simu yako imetengenezwa na nani. Fikiria plagi ya pini tatu: umewahi kuona soketi ikiuliza pasi imetoka kiwanda gani?

Ila kampuni inaweza kubandika alama hiyo kwenye boksi, halafu mambo matamu, kama hesabu ya umeme uliotumika, ikayafungia ndani ya programu yake, nyuma ya akaunti na nywila. Soma boksi pande zote sita.

Na kama una mpwa mwenye subira, mnunulie kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, aweke Home Assistant. Ni programu huria, hailipiwi, inakaa nyumbani kwako na kuviongoza vifaa vya kampuni mbalimbali kutoka hapohapo. Itakula Jumamosi kadhaa na chapati nyingi. Wangu alikula kumi na nne, lakini geti sasa linanifungulia bila masharti.

Anti, mume wangu kaweka kitasa cha mlango kinachofunguliwa kwa simu. Anafurahi sana. Nimwambie nini?
Mke wa Kigamboni

Mpongeze. Kisha kachonge funguo mbili, moja uiache kwa jirani.