Kifuniko cha Rejeta: Gari la Kwanza la Kijana katika Mlima wa Kanzenze

Fedheha ya kusimama kando ya barabara itokayo mjini Rubavu kwenda Musanze, boneti ikiwa wazi na mvuke ukipaa mbele ya wauza viazi wa Kanzenze, huwapata hasa vijana waliotimiza miaka 18, umri ambao sheria ya Rwanda inaruhusu leseni ya gari dogo, na ambao wazazi wao wameamini kwamba gari nafuu ni lile lenye bei ndogo. Uchungu huzidi pale mwendesha baiskeli, aliyejishikiza nyuma ya lori linalopanda, anapolipita gari hilo na kumpa dereva pole ya heshima, ambayo ni kali kuliko tusi.

Chanzo cha fedheha hiyo, mara nyingi, ni kifuniko cha rejeta, yaani kizibo kinachofunga chombo chenye vibomba vyembamba ambamo maji ya kupoza injini hupunguziwa joto, na jambo hili lastahili maelezo marefu kwa kuwa muuzaji hatalieleza. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani, lakini kimo kikipita mita 2,000 mgandamizo wa hewa hupungua, nayo huchemka kwa nyuzi 93 hivi, ndiyo maana maharage ya huko hukawia kuiva kuliko ya Mombasa. Injini ya petroli isiyo na turbo nayo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake kwa kukosa hewa, kwa hiyo kijana hukanyaga mafuta zaidi katika gia ya pili, joto likapanda wakati mwendo ni mdogo na upepo wa kuipoza rejeta haupo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni springi iliyo ndani ya kifuniko, inayokandamiza mpira wa duara mdomoni mwa rejeta na kuyafungia maji chini ya mgandamizo unaopandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Valvu ya pili, ndogo zaidi, hufunguka injini inapopoa ili maji yarudi kutoka chupa ya akiba. Mpira huo ukikauka na kufanya nyufa, ustadi wote wa wahandisi huishia kuwa mvuke, ilhali mzazi, siku ya kununua, alipiga magurudumu teke, akajaribu redio na kuisifu rangi.

Majanga mengine ni mafupi. Klachi huungua kijana anapoitumia kulizuia gari mlimani badala ya breki ya mkono. Kamera za barabarani za kupima mwendo, ambazo Wanyarwanda huziita Sofiya, hazina shughuli na gari la namna hii likipanda.

Hata hivyo, kicheko kina mpaka. Rwanda huendesha kulia, na tangu 2005 imezuia uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia, hivyo mnunuzi amefungiwa nje ya soko la magari yaliyotumika ya Japani, linalowanufaisha Wakenya, Watanzania na Waganda, akaachiwa mabaki ya Ulaya, kama Toyota Carina E iliyoundwa Uingereza miaka ya 1990. Kwa utaratibu uliozoeleka, juu ya bei huja ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kila mmoja ukitozwa juu ya uliotangulia, kiasi kwamba gari la faranga 1,000,000 hufika 1,548,750 kabla ya tozo ndogondogo. Mzigo huo haumzuii tajiri. Humsukuma mwenye kipato kidogo kwenye gari lililochoka zaidi, mtoto wake akateremka Kanzenze kwa breki kuukuu, na hilo halichekeshi.

Mzazi basi amtake muuzaji alipandishe gari mwenyewe, adhuhuri, abiria wanne wakiwa ndani, kutoka Rubavu hadi Kanzenze. Muuzaji anayekataa amekwisha kutaja bei halisi ya gari lake.